Kyakula

Minyoo walifika kwa boti ya asubuhi kutoka Unguja,
ndani ya bahasha, wamefungiwa kitambaa chenye unyevu.
"Dawa?" akauliza mpokea mizigo.
Minyoo, nikasema. Akanisukumia risiti kwa ncha ya kalamu.

Maabara yetu hapa Wete ina hadubini tatu, mbili nzima.
Viumbe hawa wanataka ubaridi, na Wete haina ubaridi wa kumpa mtu.
Nikaazima boksi la barafu la Mbarouk, muuza changu,
nikalisugua kwa ndimu na majivu siku mbili,
na bado somo la baiolojia likanuka samaki.

Msimu wa karafuu. Madawati saba matupu.
Waliobaki niliwaandikia ubaoni: KUNYAMAZISHA JENI.
Nyuma kabisa Faki akamnong'oneza mwenzake:
"Jini gani huyo, na kwa nini asiachwe aseme?"
Darasa likaangua kicheko. Na mimi.
Kisha nikafuta ubao, nikaanza upya, kwa mapishi.

Jeni ni bibi ajuaye mkate. Hatoki chumbani.
Humwandikia mjukuu kikaratasi, unga kiasi hiki, tui kiasi hiki,
akipeleke jikoni.
Sisi bibi hatumgusi.
Tunamvizia mjukuu ukumbini, tunakichana kikaratasi.
Bibi yupo, anajua, anaandika, anazidi kuandika.
Jikoni moto unawaka bure.

"Nani hasa anayechana?" akauliza Raya.
Mnyoo mwenyewe. Tunamlisha bakteria
waliobeba maneno yale yale, yamekunjwa maradufu;
mwili ukiyaona maradufu huyadhani adui,
hushika mkasi, na kila karatasi inayofanana nayo
hukatwa na mikono ya nyumba ile ile.

Shaame akabandika lebo kwenye sahani:
KYAKULA A. KYAKULA B.
Kalamu nyekundu ikapanda yenyewe mkononi mwangu.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa, dahalia ya chuo, Unguja.
Niliomba kyakula mara moja tu.
Wasichana sita wakalipokezana neno langu wiki nzima
kama mpira.
Hakuna aliyenipiga. Hakuna aliyenikata ulimi.
Ramadhani ilipoingia nilikuwa nikisema chakula, chumba, chuo,
na mama kwenye simu akauliza:
"Nasema na nani?"

Siku ya tano, sahani A, warefu, wanateleza.
Sahani B wamezaliwa wafupi, wanene,
tambi zilizokatwa kwa kijiko.
Watoto wakapiga makofi. Sahani ya Hidaya ilikuwa imeota ukungu,
naye akaificha chini ya daftari, nami nikajifanya sikuona.

Raya hakupiga makofi.
"Na tukiwarejeshea chakula cha kawaida, bibi atasikika?"
Jibu nilikuwa nalo. Nilisoma, nilifanyia mtihani.
Nikasema: wahamishe, tutaona.

Umeme ukakatika usiku mbili. Mbarouk akaja kudai boksi,
akachungulia ndani, akaliacha.
Siku ya tisa, wafupi.
Siku ya kumi na moja, wafupi.
Faki akasema tumewaharibu, na hakuna aliyecheka.

Siku ya kumi na nne, kabla ya kengele ya kwanza,
Raya, jicho moja kwenye hadubini, jingine amelifumba kwa kiganja,
akasahau Kiswahili cha darasani:
"Mwalimu! Nnyoo! Nrefu!"

Nikainama. Kati ya vile vibonge, mmoja,
mwembamba, anajipinda na kujikunjua
kwenye ute, taratibu, kama anayejaribu herufi.

Daftari la maabara husomwa na mkaguzi kila muhula.
Nilichukua kalamu, ya buluu, nikaandika:
Siku ya 14. Kyakula B, baada ya kuhamishwa.
Nnyoo nrefu, mmoja.